Mgombea Urais Aulizwe Kwanza Habari ya Kodi

Kila inapowadia kampeni ya urais, bonde la Kilombero hupata wageni wengi. Misafara hupita Kidatu, Mang'ula na Ifakara, na kila mgombea huacha nyuma yake ahadi za barabara, dawa, mbolea na ajira. Msafara ukishaondoka, watu hukaa barazani kuwapima wagombea. La kusikitisha ni kwamba vipimo vinavyotumika mara nyingi ni kabila, dini, ufasaha wa maneno na wingi wa watu uwanjani. Vipimo hivyo havimsaidii mkulima wa mpunga, wala mama anayeuguza mtoto wodini.

Mambo yanayogusa maisha ya watu wetu ni matatu: kodi, afya na uchumi. Wagombea wamezoea kuyaeleza mbalimbali, na wasikilizaji nao huyasikia mbalimbali. Ukweli ni kwamba hayatengani. Ahadi ya matibabu ni matumizi, na matumizi yana chanzo. Mgombea anayeahidi matumizi bila kutaja chanzo anaahidi kodi ambayo jina lake bado halijatangazwa.

Tuchukue mfano wa mwaka 2010. Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA aliahidi elimu na matibabu bila malipo, na kushusha bei ya vifaa vya ujenzi. CCM, ambayo mgombea wake alikuwa Rais Jakaya Kikwete, ilijibu kuwa ahadi hizo hazitekelezeki. Mwaka 2015 Dk. John Magufuli wa CCM alishindana na Edward Lowassa, aliyesimama kwa tiketi ya CHADEMA akiungwa mkono na vyama vya UKAWA. Safari hii wote wawili waliahidi elimu bila ada, na wote wawili walisema watawaondolea wafanyabiashara wadogo kero zinazowasumbua. Januari 2016 ada ikaondolewa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne. Lililoitwa muhali mwaka 2010 likawa sera ya Serikali.

Lakini katika kampeni hiyo hiyo ya 2015 CCM iliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Ahadi hiyo haikutekelezwa. Je, kulihitajika mtaalamu wa uchumi kuipima? Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000. Zidisha kwa milioni 50, utapata zaidi ya shilingi bilioni 600. Mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuuliza: zinatoka wapi, na zitatolewa mwaka gani?

Kinyume chake ndicho kilichotokea mwaka 2021. Julai mwaka huo ilianza kutozwa tozo ya miamala ya simu, na tukaelezwa kuwa fedha zake zingejenga vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, tozo hiyo haikuwa miongoni mwa mambo yaliyonadiwa katika kampeni za 2020. Kijana aliyeko Dar es Salaam akimtumia mama yake aliyeko Malinyi fedha za dawa, fedha hizo zilikatwa njiani. Wananchi walilalamika, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Basi zahanati ilikuwa na bei yake tangu mwanzo, ila mpiga kura aliambiwa bei hiyo baada ya kupiga kura.

Kwa mkulima wa bonde hili, neno kodi lina maana pana kuliko risiti ya dukani. Lipo suala la ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5. Na ipo kodi ambayo mkulima haitoi kabisa, lakini riziki yake imeegemea hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ushuru wa asilimia 75 kwa mchele unaotoka nje ya Jumuiya. Mwaka 2013 Serikali iliruhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru ili kupunguza bei kwa walaji. Mlaji wa mjini alipata nafuu, na mkulima wa mpunga akaona bei ya gunia ikiporomoka. Tusiseme kuwa mlaji hana haki. Tunachosema ni kwamba mgombea anayewaahidi watu wa mjini chakula cha bei nafuu, kisha akaja Ifakara kuahidi bei nzuri ya mpunga, anawajibika kueleza atazipatanisha vipi ahadi hizo mbili.

Tukija kwenye afya, Ifakara ina ushahidi wake yenyewe. Utafiti uliofanyika Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliokoa maisha ya watoto wadogo. Baadaye Serikali ikaondoa kodi kwenye vyandarua. Huo ni uamuzi wa kodi, na matunda yake yakaonekana kitandani kwa mtoto. Aidha, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo ni mali ya Kanisa Katoliki, huwatibu Waislamu na Wakristo wa bonde zima. Kwa hiyo swali la nani alipie matibabu halina dini.

Swali hilo ni la zamani. Utaratibu wa wananchi kuchangia gharama katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Baadaye ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Katika kampeni za 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuuanza mpango huo ndani ya siku 100, na kupiga marufuku hospitali kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Kwetu sisi, tunaofahamu uzito wa kuharakisha maziko, ahadi hiyo ya pili si ndogo. Lakini deni la marehemu halifutiki kwa kutoa maiti. Ama litalipwa na ndugu, au na bima, au na hazina, au hospitali itakosa dawa za mgonjwa anayefuata.

Yapo pia yaliyotimia, na haki inatutaka tuyataje. Januari 2016 kivuko cha mto Kilombero kilizama. Mei 2018 likazinduliwa daraja la mita 384, na leo mazao ya Ulanga na Malinyi yanavuka usiku na mchana. Daraja huonekana kwa macho. Kodi na bima hazionekani, ndiyo maana zinahitaji kuulizwa zaidi.

Ndugu wasomaji, ili watu walinganishe lazima pawepo wa kulinganishwa. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu, na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Siku ya uchaguzi, Oktoba 29, na siku zilizofuata, damu ya Watanzania ilimwagika. Ushauri una maana pale tu anayeshauriwa anaposikia zaidi ya sauti moja.

Ahadi ni deni, na mdai asiyeandika husahau. Tangu sasa hadi 2030, kila jamaa ya msikiti inaweza kuwa na daftari moja: ahadi, tarehe, gharama, chanzo cha fedha, na kilichotendeka. Hatumwambii mtu amchague nani. Tunasema tu kwamba mgombea atakayefika mbele ya watu wenye daftari atapima maneno yake kabla ya kuyatamka.

Wabillahi tawfiq.