Utomvu wa Mnyaa Si wa Kunywa

Huku Singida tunazungushia nyumba minyaa kwa sababu ng'ombe hawaili na kiangazi hakiikaushi. Kijiti kikivunjika, utomvu mweupe huchuruzika papo hapo, na ukiingia jichoni huunguza vibaya. Mimi mwalimu, nimeshaosha macho ya wanafunzi wanaolia kwa maumivu. Utomvu huohuo watu hupaka kwenye chunjua, na wengine hunywa matone yake. Huko kunywa nakupinga waziwazi.

Sababu yangu ni hii: mwaka 1958 daktari Denis Burkitt alieleza uvimbe wa saratani ya taya uliowaua watoto Uganda. Saratani hiyo ilikuja kuhusishwa na virusi vya Epstein-Barr, pamoja na malaria; na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa utomvu wa mnyaa huviamsha virusi hivyo vikiwa vimelala ndani ya seli.

Sisemi tung'oe nyua zetu. Muhogo na mnyonyo ni ya ukoo mmoja na mnyaa, ina sumu, na tunaishi nayo kwa sababu tumejua namna ya kuiandaa. Ila watafiti wa mitidawa waje vijijini, wakae na waganga, kisha matokeo yabandikwe zahanati kwa Kiswahili, mama ayasome kabla hajampaka mwanawe chochote.