Daftari la Wanachama Lisiachwe Wazi



Zamani daftari la wanachama tulilifungia kabatini, na ufunguo alikaa nao katibu. Leo majina, simu na michango vimo katika kompyuta ya ofisi, na neno la siri tumelibandika ukutani! Orodha hiyo ikiibiwa, mwajiri asiyependa chama atajua nani wa kumfukuza kwanza.

Wengine husema wadukuzi hutafuta mabenki tu. Sivyo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, za wakubwa na wadogo, kikidai fidia. Dawa yake ilikwisha kutolewa Machi. Wengi walioumia hawakuitia.

Hapa Uganda sheria ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde. Basi kila tawi lifanye haya: kila mtumishi awe na neno lake la siri, refu, programu zitiwe marekebisho mapya, kila Ijumaa nakala itolewe, ichomolewe, ifungiwe kabatini. Anayeacha kazi afutiwe ruhusa siku hiyo hiyo.

Mwanachama ametukabidhi jina lake. Tusimwuze kwa uvivu wetu.