Uingereza: walisema watatupa sheria zote

Kutoka ndani ya Umoja wa Ulaya, Uingereza ilitoka tarehe 31 januari 2020. Lakini sheria za Ulaya zilibaki mu nyumba: saa za kazi, konje yenye kulipwa, usafi wa chakula. Wanasiasa wakaahidi kuzitupa. Mwaka 2022 Rishi Sunak, akitafuta ukubwa wa chama, alitoa video yenye kuonyesha mashine ya kukatakata makaratasi.

Kisha serikali ikapeleka mswada ku bunge: sheria ya Ulaya ambayo waziri hataokoa, itakufa yenyewe tarehe 31 desemba 2023.

Shida njo hapo. Hata hesabu hawakuwa nayo. Kwanza walisema sheria 2.400, kisha zikakaribia 4.000. Sasa sheria ambayo hakuna mutu aliisoma, nani atajua kama inalinda mapumziko ya mutumikaji? Sendika za wafanyakazi zilipiga kelele, na zilikuwa na haki.

Mwezi wa mayi 2023, waziri Kemi Badenoch alirudi nyuma: zitatupwa karibu 600 tu, nyingi zikiwa makaratasi yasiyotumika tena.

Siye wa migodi tunaona hivi: kuahidi kutupa ni mwepesi, kusoma ni kazi. Mukubwa akikuja kutuambia «tutafuta sheria za zamani», tusikimbilie kupiga makofi. Tumuulize kwanza: artikle gani? Na ilikuwa inamulinda nani?