Injekteri za pikapu: tuulize kwanza, kisha tulipe



Juma hili tunajibu swali la kikundi kimoja cha wamama wenzetu wanaoleta viazi na maharagi kutoka upande wa Lubero mpaka masoko ya Butembo. Wako 28, na pamoja wana pikapu moja ya mazutu, Hilux D-4D waliyoinunua okazyo. Miezi hii ya mwisho gari lilianza kutoa moshi mweusi kwenye milima, asubuhi linakataa kuwaka, na linakunywa mazutu kuliko zamani. Garaji moja iliwaandikia kwenye karatasi: injekteri nne mpya, jumla dola 1,400. Swali lao lilikuwa fupi: «Tulipe, ao tuuze gari?»

Kabla ya kuzungumza juu ya chuma, tuzungumze juu ya feza. Dola 1,400 kwa wamama 28 ni dola 50 kwa kila mmoja. Masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipishwi tangu 2019, lakini sekondari bado tunalipa, na sisi tulio walimu tunaona kila muhula watoto wanaorudishwa nyumbani. Feza iliyo ndani ya kasha la kikundi ilikuwa ya mgawanyo wa mwisho wa mwaka. Kila mama alikwisha kuipa kazi: mmoja minerval ya binti yake, mwingine mabati, mwingine deni la hospitali. Na bila gari, viazi vinaozea shambani. Ndiyo sababu jambo hili si la mafundi peke yao. Ni la mama anayeshika moja ya funguo tatu za kasha.

Injekteri ni kitu gani? Wamama tunaotumia pasi ya makaa tunajua: kabla ya kupiga pasi, mama anajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo. Akipuliza vizuri, maji yanakuwa kama ukungu na nguo inalowa sawasawa. Akipuliza vibaya, yanaanguka matone makubwa, huku pamelowa, huku pamekauka. Injekteri inafanya kazi hiyo ndani ya injini. Inapuliza mazutu kama ukungu, kwa kipimo na kwa wakati wake, ili yaungue yote. Ikichoka ao ikiingia uchafu inatoa matone. Matone hayaungui vizuri, na hapo ndipo moshi, kelele za kugonga na mazutu ya bure vinatoka.

Pikapu hazifanani. Hili ni jambo la kwanza la kujua, maana ndilo linalobadilisha bei. Land Cruiser ya mtindo wa zamani yenye injini 1HZ haina kompyuta kwenye mazutu yake. Ina silinda sita, kwa hiyo injekteri sita, lakini mara nyingi fundi anabadilisha pua yake tu na kurekebisha presha, na bei inabaki chini. Hilux D-4D ina silinda nne, na injekteri zake zinaongozwa na kompyuta. Mazutu yanaingia humo kwa presha inayoweza kupita bar 1,000, wakati gurudumu la gari dogo lina bar 2 ao 3 tu. Vyuma vya ndani vimeachana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ndiyo maana injekteri moja ya aina hii inaweza kuwa na bei ya mbuzi kadhaa, na ndiyo maana uchafu kidogo unaiharibu.

Tuliwasindikiza mama prezida na mama mtunza feza mpaka garaji ile ya kwanza. Hesabu yao ilikuwa hivi: injekteri nne mpya kwa dola 300 moja, ni 1,200, kazi ya fundi 120, na «vitu vingine vidogo» 80. Mama mtunza feza aliuliza vitu hivyo vidogo ni vipi. Akajibiwa: «Leteni mwanaume tuzungumze naye.» Akauliza tena, kwa upole, kama gari limepimwa. Halikuwa limepimwa. Bei ya dola 1,400 ilikuwa imetoka kwenye moshi tu, kwa kuutazama.

Wamama, moshi mweusi hausemi peke yake kwamba injekteri zimekufa. Filtri ya hewa iliyojaa vumbi inatoa moshi mweusi pia. Filtri ya mazutu iliyoziba inaondoa nguvu. Gari linalokataa kuwaka asubuhi za baridi, kama kule juu Lubero, linaweza kuwa na bujia za joto zilizokufa ao betri iliyochoka. Vitu hivyo bei yake ni ndogo kuliko ya injekteri. Mwalimu mwema hamrudishi mtoto darasa la chini bila kumpa mtihani. Fundi naye asihukumu injekteri bila kuzipima.

Garaji ya pili ilikubali kupima mbele yetu. Fundi alianza na filtri mbili na betri. Kisha akafunga chupa ndogo nne kwenye mipira inayorudisha mazutu, moja kwa kila injekteri, akaacha injini izunguke. Injekteri nzima inarudisha mazutu kidogo, na nne zote zinapaswa kukaribiana. Chupa mbili zilikuwa karibu sawa. Mbili zilijaa haraka kupita zenzake. Hata mtoto wa darasa la tatu angeona tofauti. Injekteri zote zikatolewa na kupelekwa kwenye mashini ya kupimia, na mashini ikasema vilevile: mbili zimechoka, mbili zinahitaji kusafishwa tu.

Hesabu ya mwisho, ambayo kikundi kimeturuhusu kuiandika, ni hii:

Kupima injekteri nne kwenye mashini: dola 60.
Injekteri mbili zilizotengenezwa upya, zenye garanti ya miezi mitatu: dola 280.
Washa za shaba na mipira mipya kwa zote nne: dola 40.
Filtri ya mazutu: dola 20.
Oili na filtri yake: dola 50.
Kuingiza namba za injekteri kwenye kompyuta: dola 30.
Kazi ya fundi: dola 80.

Jumla dola 560, ni kusema dola 20 kwa kila mama. Bei hizi ni za gari lile na siku zile. Kwenu zinaweza kupanda ao kushuka. Lakini tazameni mistari, si namba peke yake. Katika karatasi ya kwanza, washa, oili na namba za kompyuta havikutajwa. Navyo si vitu vidogo.

Washa ya shaba inakaa chini ya injekteri na kuzuia moto wa silinda usipite. Kila injekteri inapotolewa, washa inapaswa kuwa mpya. Ikirudishwa ya zamani ikavuja, masizi yanaingia katika oili, oili inakuwa nzito, na kichujio kilicho chini ya injini kinaziba. Siku injini itakapokosa oili, hamtazungumza tena juu ya injekteri. Mtazungumza juu ya injini nzima. Namba nazo: injekteri nyingi za aina hii zina namba ndefu iliyoandikwa juu yake, na kompyuta inapaswa kuijua ili itoe kipimo sawa. Mkilipa injekteri nzuri bila namba kuingizwa, gari linaweza kuendelea kutetemeka, nanyi mtafikiri mmeuziwa kitu kibaya.

Je, ni vizuri kubadilisha mbili tu? Mafundi wengine wanasema kama injekteri zote zimetembea kilometa sawa na zimechoka, heri kubadilisha zote nne, maana kazi ya kufungua ni ileile. Maneno hayo si uongo. Lakini jibu litoke kwenye kipimo. Mbili zikiwa zimepimwa na kuonekana nzima, kikundi kinaweza kuzibakiza na kuanza kuweka feza kwa ajili yake. Hivyo ndivyo wenzetu walivyofanya, wakijua kwamba siku yake itafika.

Sasa maswali ya kuuliza garajini. Yaandikeni kwenye kaye la kikundi, na mama yeyote anaweza kuyasoma kwa sauti:

1. Mmepima namna gani, na tunaweza kuona?
2. Ni injekteri ngapi zenye shida, na ni zipi?
3. Piesi ni mpya, ni okazyo, ao imetengenezwa upya? Garanti ni ya muda gani, na imeandikwa?
4. Bei hii ina washa, filtri, oili na namba za kompyuta ndani yake?
5. Piesi za zamani tutarudishiwa?

Swali la tano linawaudhi watu wengine. Ulizeni tu. Piesi ya zamani ni mali ya kikundi, na ni ushahidi kwamba mpya imewekwa kweli. Fundi mwaminifu ataiweka kwenye karatasi na kuwapa. Na mkiambiwa «leteni mwanaume», jibuni kwamba mwenye feza amekwisha kufika.

Tuseme neno pia juu ya kisababishi, kwa maana kulipa bila kuziba shimo ni kuteka maji na kapu. Mazutu yetu yanatoka mbali. Yanashuka melini Mombasa, yanapita Uganda, yanaingia kwa mpaka wa Kasindi, kisha yanahamishwa kutoka tanki mpaka pipa, kutoka pipa mpaka bidoni. Kila mahali yanapohamishwa, vumbi na maji vinaweza kuingia. Kwa wauzaji wa kando ya barabara, wale tunaowaita Kadhafi, hatuwezi kujua bidoni ililala wapi, wala kama mtu hakuongeza mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama mazutu, na injekteri zinasagika. Hatuwatukani ndugu hao, nao wanatafuta chakula cha watoto. Lakini tukinunua kwao, tumimine kidogo katika chupa nyeupe na kuiacha itulie. Maji ni mazito, yatashuka chini, na mtayaona. Bidoni ilale usiku mmoja, na sehemu ya chini isimwagwe ndani ya gari.

Shofere wa kikundi naye asiachwe peke yake. Mkimpa feza ya mazutu isiyotosha bei ya stesheni, mnamtuma kwa Kadhafi hata kama hamkusema. Mpeni ya kutosha, naye alete risiti. Kila juma afungue vida iliyo chini ya filtri ya mazutu kutoa maji, na taa ya filtri ikiwaka asiendelee na safari. Kitabu cha gari kinaonyesha kilometa za kubadilisha filtri. Kwa gari linalokunywa mazutu ya bidoni, msingoje zifike.

Na kwa wamama wenye vijana wanaojifunza ufundi: waambieni wasilegeze wala kugusa mirija ya mazutu ya gari la kompyuta injini ikizunguka. Mazutu yanayotoka kwa presha ile yanapasua ngozi na kuingia mwilini, hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano. Hilo ni jambo la kukimbilia hospitali siku ileile, si la kufunga kitambaa.

Mwisho, feza ya kesho. Kikundi kile kimeamua kwamba kila safari dola 5 zinakwenda katika bahasha ya gari, mbali na kasha la mgawanyo. Wakifanya safari tatu kwa juma, ni dola 15. Kwa majuma 50 ni dola 750. Gari likiharibika tena, hakuna atakayegusa minerval ya mtoto.

Kwa hiyo jibu letu kwa «tulipe ao tuuze?» lilikuwa: pimeni kwanza. Pikapu yao imerudi njiani, na asubuhi inawaka bila kusukumwa.

Katika mkutano wenu wa juma hili, vikundi vyenye gari, pikipiki ao mashini ya kusaga, fanyeni kazi moja: andikeni kwenye kaye piesi iliyobadilishwa mwisho, tarehe, bei na garanti yake. Kama hakuna anayekumbuka, anzeni leo. Mwenye swali atutumie kupitia mama wa kikundi chake.

Tunawatakia juma jema na soko jema.