Haya si Woga



Mama mmoja alituletea daftari la bintiye. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewapa wanafunzi maneno ya tabia wayahifadhi: "honest", "brave", "courage", "integrity" na mengineyo. Mbele ya neno "shy" binti ameandika kwa kalamu ya risasi: mwenye haya. Mama akauliza, "Sheikh, mbona haya imewekwa pamoja na kasoro za kurekebishwa?"

Hatuna ugomvi na Kiingereza. Watoto wetu watafanya mitihani kwa lugha hiyo, na maneno yake mengi ya tabia si mageni kwetu. "Courage" asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya moyo, nalo limo ndani ya "encourage", kutia moyo, na "discourage", kuvunja moyo. Mtoto aliyezoea kuambiwa apige moyo konde ameshafika nusu ya njia. "Integrity" nalo ni ndugu wa "integer", ambalo mwanafunzi hulikuta kwenye hesabu, yaani namba kamili isiyomeguka. Mtu wa sifa hiyo hana kipande cha sokoni na kingine cha nyumbani. Katiba yetu ya 2010, katika Sura ya 6, imeiita uadilifu. (Wanaolitamka neno hilo majukwaani ni wengi kuliko wanaolibeba.)

"Honest", ambalo herufi yake ya kwanza haitamkwi, lataka uangalifu zaidi, kwani sisi tuna maneno mawili mahali pake. Mkweli ni wa ulimi, mwaminifu ni wa mkono. Watu wa Makka walimwita Mtume wetu (S.A.W.) Al-Amin kabla ya kupewa utume, na alipohama alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili awarudishie watu amana zao. Basi mama na amtungishe mwanawe sentensi mbili: moja ya mtoto aliyekiri kuwa yeye ndiye aliyevunja kikombe, nyingine ya mtoto aliyerudisha chenji yote kutoka dukani. Na ajue kuwa somo hili halifundishwi kwa daftari peke yake. Imepokewa na Abu Daud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe mdogo, Abdullah bin Amir, akimwambia njoo nikupe kitu. Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akamweleza kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Sasa tujipime, sisi tunaowatuma watoto mlangoni waseme baba hayupo.

Turudi kwenye haya. Binti ameitafsiri vibaya, lakini kosa hilo si lake peke yake. "Shy" ni yule anayeogopa macho ya watu. Akiulizwa na mwalimu hunyamaza hata kama jibu analijua. Haya ni jambo jingine kabisa. Katika Kiarabu ina shina moja na neno la uhai, na maulamaa wameieleza kuwa ni hali ya moyo inayomzuia mtu na ubaya, hata akiwa peke yake chumbani. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa ni sehemu ya imani. Mwenye woga humwogopa kiumbe, na mwenye haya humstahi Muumba wake.

Tofauti hii waliijua wanawake wa mwanzo. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, wakauliza hata mambo ya siri ya mwili. Naye Khawla bint Thaalaba alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumshitakia mumewe, akajadiliana naye, na Surat al-Mujadila, sura ya 58, ikateremka kwa sababu ya shitaka lake. Nani atathubutu kusema kuwa bibi huyo hakuwa na haya?

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu majumbani mwetu sisi wenyewe ndio tulioanza kuchanganya. Binti akinyamaza mbele ya wageni twamsifu kuwa ana haya, na akihoji twamwambia hana haya. Kisha siku moja akaguswa na mtu asiyestahiki, awe jirani au jamaa, na hata mwalimu, naye akameza maneno yake akidhani kunyamaza ndiyo heshima aliyofunzwa. Aliyetenda uovu ndiye asiye na haya. Binti anayekuja kumwambia mamake ana haya na ana ushujaa, vyote viwili, na mama amsikilize mpaka mwisho bila kumkemea wala kumuuliza alikwenda huko kufanya nini.

Kuhusu daftari, mama amsaidie bintiye afute. Mbele ya "shy" aandike: mwoga wa watu. Kwa haya, Kiingereza kina neno "modesty", ambalo asili yake ni kipimo. Halifikii haya yote, kwa kuwa mara nyingi huishia kwenye mavazi na kutojisifu, lakini katika mtihani litamtosha. Na mwalimu akimuuliza kwa nini amebadilisha, anyooshe mkono amweleze.

Wabillahi taufiq.