Vinyoya vya Mwinyi

Wenzangu wa kalamu, leo naomba tugombane kidogo. Kuna kauli imezagaa katika vikao vyetu vya kusomeana kazi, kwamba michezo ni mambo ya kurasa za nyuma za magazeti, na mwandishi wa kweli ashughulike na mapenzi, mauti na siasa. Ukileta hadithi ya bondia wa mtaani au ya mzee wa bao, watu wanakutazama kama umeingia msikitini na viatu. "Hiyo wapelekee wale wa Simba na Yanga," ndivyo unavyoambiwa. Mimi nasema huo ni ujinga, tena ujinga unaotugharimu. Na ili msiseme naropoka, nitawatoa hapa mjini niwapeleke Uingereza, mkoa wa Gloucestershire, kwenye jumba la mwinyi mmoja, mkaone wenzetu walivyoitia mfukoni michezo ya dunia kwa wino.

Jumba linaitwa Badminton. Ndiyo, jina lile lile la mchezo. Wenyewe ni ukoo wa Somerset, ambao mkubwa wao huitwa Duke wa Beaufort, cheo walichopewa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1682. Asili ya ukoo huo ni mtoto wa nje ya ndoa, lakini mali ikikaa karne tano, hata mtoto wa nje huwa nasaba. Karne ya 18 walimwita mchora ramani William Kent akawatengenezea jumba na lango. Lango hilo, Worcester Lodge, liko kama maili tatu kutoka mlango wa nyumba. Hebu pima: mtu wa Manzese akitembea maili tatu anakaribia Kariakoo, na njiani kakutana na nusu ya jiji. Pale njia nzima ni ya mtu mmoja. Baadaye wakamwita Canaletto, yule Mtaliani mchoraji wa Venice, awachorea shamba lao lilivyo. Ndani, ukumbi mkubwa una picha za John Wootton, na picha zenyewe ni farasi, mbwa, na mabwana juu ya farasi.

Mwaka 1726 Duke wa tatu, kijana wa miaka 19 tu, alipita Florence akaagiza kabati. Kabati, jamani! Mafundi walilihangaikia kwa miaka, mawe ya rangi yakachongwa na kupachikwa yakawa ndege na maua, kimo chake karibu mita nne. Mwaka 1990 ukoo ukaliuza mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 8, na mwaka 2004 likauzwa tena kwa pauni milioni 19, likaenda kukaa Vienna katika makumbusho ya mtawala wa Liechtenstein. Sikumbushi haya kwa wivu, ingawa wivu kidogo upo. Nakumbusha kwa sababu kabati liliuzwa likaondoka, na jumba halikupungukiwa kitu. Urithi wao mkubwa haukuwa wa mbao wala wa mawe.

Urithi wao ulikuwa jina.

Sikilizeni kisa cha vinyoya. Watoto wa Kiingereza walikuwa wakirushiana kinyoya kwa vibao tangu zamani, matajiri na maskini. China walikuwa wakikipiga kwa mguu. Japani, wasichana walikipiga kwa vibao vya mbao wakati wa mwaka mpya. Thanjavur, kusini mwa India, kuna mchezo wa jamii hiyohiyo unaochezwa kwa kijimpira cha sufu. Maofisa wa jeshi la Kiingereza waliokuwa Pune, India, wakaweka wavu katikati, wakaandika sheria, wakauita mchezo kwa jina la mji huo, Poona. Halafu wakarudi kwao likizo na raketi zao. Huko ndiko jumba linapoingia. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1860, siku ya mvua, watoto wa Duke walikuwa wamefungiwa kwenye ule ukumbi wa picha za farasi, wakafunga kamba katikati wakachezea hapo. Wapo wanaosema hata vipimo vya uwanja vinatokana na ukubwa wa ukumbi ule. Kisa kitamu. Tatizo lake ni kwamba mwaka 1860 muuza vitu vya kuchezea wa London, Isaac Spratt, alikuwa ameshachapa kijitabu cha mchezo huo, na jina la Badminton limo kwenye anwani yake.

Kwa hiyo nani aliuvumbua? Swali hilo ni la kupotezea watu muda. Ulizeni nani aliuandika. Mwaka 1893 Waingereza wakaunda chama chao wakachapa kanuni. Mwaka 1899 wakaanzisha mashindano ya All England. Mwaka 1934 likaundwa shirikisho la kimataifa lenye waanzilishi 9, na kati yao 4 walikuwa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, waliobaki ni Ulaya, Kanada na New Zealand. Asia, hata mmoja! Mchezo ulipitia India, na Mhindi hakuwemo siku ya kutia saini, alijiunga 1936.

Halafu uwanjani ikawaje? Kombe la Thomas, lile la dunia la timu za wanaume, lilipochezwa mara ya kwanza mwaka 1949 lilichukuliwa na Malaya, koloni. England haijalitwaa hata mara moja mpaka leo. Rudy Hartono wa Indonesia alikwenda kwenye hayohayo mashindano ya All England akayabeba mara 8. Mchezo ulipoingia rasmi Olimpiki, Barcelona 1992, dhahabu mbili za mchezaji mmoja mmoja zilikwenda kwa Susi Susanti na Alan Budikusuma, wote Waindonesia. Wamepigwa na kila mtu, lakini kila anayewapiga anatangazwa kwa jina la nyumba yao. Hiyo ndiyo nguvu ninayotaka muione, nyie mnaosema michezo sio fasihi.

Na msidhani jina lilijiendea tu kama moshi. Duke wa nane alilifanyia kazi. Mwaka 1885 alianza kuhariri mfululizo wa vitabu, akisaidiwa na mwandishi Alfred Watson, wachapaji wakiwa Longmans wa London. Mfululizo ukaitwa Maktaba ya Badminton. Juzuu la kwanza ni la uwindaji. Yakafuata ya uvuvi, mbio za farasi, kriketi, baiskeli, kupanda milima, gofu, kuogelea, kucheza dansi. Mwaka 1896 likatoka juzuu zima la mashairi ya michezo, na 1902 wakafika kwenye magari. Mwinyi wa kupanda farasi anatoa kitabu cha motokaa! Mtu akitaka kujua jinsi ya kushika fimbo ya gofu, anafungua Badminton. Na kichekesho ni kwamba katika majuzuu yote hayo hakuna hata moja lililopewa mchezo wa vinyoya peke yake. Hawakuhitaji. Jina lilikuwa limeshakaa juu ya kila jalada.

Sasa kaeni sawa, maana tumo. Mwaka 1894 Maktaba hiyo ilitoa majuzuu mawili ya kuwinda wanyama wakubwa. Sura nyingi za juzuu la kwanza zinahusu Afrika Mashariki, na mwandishi wake ni Frederick Jackson, aliyefika pwani yetu miaka ya 1880 kuwinda, akaingia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1911 akawa gavana wa Uganda. Tazameni mpangilio wa sura zake. Anaanza na bunduki, mavazi, vyombo vya kambi na vyakula. Inafuata sura ya njia na mahali penye wanyama. Halafu ndipo inakuja sura ya msafara: mnyapara, wabeba bunduki na wengineo. Yaani babu zetu wameingia kitabuni baada ya hema. Kisha tembo, nyati, simba, kila mmoja na sura yake mwenyewe. Nyati kapewa sura nzima. Wapagazi wamegawana moja.

Naomba mtu asiniambie hayo ni mambo ya wawindaji tu. Yule aliyekuwa anaisoma Maktaba ya Badminton sebuleni kwake, miguu kwenye moto, ndiye aliyekuwa anapiga kura na kununua hisa. Nchi hii aliijua kama uwanja wa michezo kabla hajaijua kama nchi ya watu. Alipokuja kukata mapori na kuyaita hifadhi, akamwambia mwenyeji mwenye upinde kwamba yeye ni jangili na mwenye bunduki ya leseni ni mwanamichezo, maneno yalikuwa yameshaandaliwa.

Sitaki kuwaonea. Jumba lile lina mambo yake ya kupendeza. Wakati wa vita ya pili Malkia Mary, mama yake mfalme, alihamia hapo na wafanyakazi wake zaidi ya hamsini, na badala ya kukaa akisubiri chai akajitosa kukata mimea inayotambaa ukutani, akiwasomba na wasaidizi wake wamsaidie, wapende wasipende. Mwaka 1949 Duke wa kumi, baada ya kuona farasi wa Uingereza wanavyofanya vibaya Olimpiki ya London ya 1948, alianzisha mashindano ya farasi kwenye uwanja wake: siku za madaha, siku ya mbio za nyika na vizuizi vya kuvunja shingo, siku ya kuruka. Yapo mpaka leo na yanajaza watu. Duke wa sasa, wa 12, aliyerithi 2017, ni mwimbaji wa roki. Bwana, hata umwinyi una vituko vyake.

Lakini ugomvi nao upo. Sheria ya kuzuia kuwinda mbweha kwa mbwa ilipoanza kazi Februari 2005, mchezo ambao ukoo huo ulijijengea sifa kwa miaka zaidi ya mia mbili ukawa kosa la jinai. Kabla ya hapo, Desemba 1984, wapinzani wa uwindaji walikwenda usiku kufukua kaburi la Duke wa kumi, aliyekuwa amefariki mwaka huohuo. Hawakulifikia jeneza. Sisi tunaosema urithi ni kitu cha kupigiwa makofi tu, tujue kwamba huko kwao wenyewe wanaugombania kwa majembe. Na nenda Wales, mji wa Swansea: miaka ya 2000 halmashauri ilipotaka kuvusha daraja mto Tawe kuelekea uwanja mpya wa mpira, ilibidi imlipe Duke zaidi ya pauni laki mbili, kwa sababu ardhi iliyo chini ya maji ni yake. Karatasi ya zamani inasema hivyo. Mto wote ule, samaki na tope, unamilikiwa na wino.

Najua mtanijibu. Ndugu yangu mmoja wa kikao, jina namhifadhia, alishaniambia, "Wale walikuwa na pesa. Sisi hata ya fotokopi hatuna." Sawa, pesa hatuna. Lakini Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa na shamba la maili tatu? Mwaka 1903, Göttingen, Ujerumani, kilitoka kitabu cha desturi za Waswahili ambacho sehemu kubwa ni kazi yake, na humo kaeleza ngoma, sherehe na mambo ya mitaani kwa Kiswahili kinachotembea. Ukitaka Maktaba ya Badminton ya pwani, ilishaanza, miaka 18 tu baada ya ile ya Duke. Ila ilitoka chini ya jina la Carl Velten, Mjerumani, na Mtoro akaishia Berlin mpaka alipofariki 1927. Wangapi kati yetu tumeisoma? Wangapi wameendeleza?

Tumewaachia wageni. Bao letu, mashimo 32 na kete 64, mchezo ambao mabingwa wake Unguja wanahesabu mizunguko mbele kuliko unavyoweza kufuata kwa macho, lilichambuliwa kwa kina na Mholanzi, Alex de Voogt, katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995. Simlaumu hata kidogo. Alikuja, akajifunza kucheza, akakaa chini na wazee, akaandika. Sisi tulikuwa tunapita barazani hapohapo tukienda kwenye kikao kusomeana mashairi ya machozi.

Na msiniambie lugha haiwezi. Kiswahili, bila kuomba ruhusa kwa mtu, kimeshamvua Duke jina lake: watangazaji wetu wanasema mpira wa vinyoya. Wameangalia kitu chenyewe, wakaona vinyoya, wakasema vinyoya. Jumba limebaki Gloucestershire.

Basi kikao kijacho mimi sileti shairi. Naleta kurasa kumi za bao, za kwanza, jinsi kete zinavyopandwa wakati wa kunamua, na kwa nini mchezaji anaogopa kuvunja mapema lile shimo la mraba tunaloliita nyumba. Anayetaka kucheka aje acheke, ila aje na kalamu, maana kuhusu kimbi na kichwa wazee wawili wa baraza letu bado hawajaafikiana na nahitaji mtu wa kuandika anachosema wa pili wakati mimi naandika cha wa kwanza.