Mbeya ni Nafuu kwa Nani?

Basi lililoondoka Mbezi Luis alfajiri likishaipita Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, mwendo unakatika. Mbele kuna Kitonga, na mlima huo haupandwi kwa haraka. Malori yanajikongoja kwa gia namba moja, moja nyuma ya jingine, na abiria anapata muda wa kutazama kipi kinapanda na kipi kinashuka. Yanayopanda yamebeba nondo, bati, sabuni, majokofu, vitenge vya Kariakoo, na mafuta ya kwenda Zambia na Kongo. Yanayoshuka yamebeba viazi vya Uyole, mchele wa Kyela na Mbarali, ndizi za Tukuyu, mbao za Mafinga.

Ndani ya buti la basi lenyewe kuna mzigo wa aina nyingine: godoro lililokunjwa likafungwa kamba, televisheni iliyoviringishwa blanketi, ndoo iliyojaa masufuria. Hiyo ni familia inahama. Imechoka na kodi ya Dar es Salaam, imechoka na foleni, na kuna ndugu amewaambia kwa simu kwamba Mbeya maisha ni nafuu.

Ndugu huyo hasemi uongo, ila amesema nusu ya habari. Kanuni ya kuujua unafuu wa Mbeya iko palepale Kitonga. Kinachoshuka mlima huo kwenda Dar, Mbeya utakikuta kwa bei ya shambani au karibu yake. Kinachoupanda, utakinunua pamoja na nauli yake.

Chukua kiazi. Pale Uyole mama anakupimia kwa sado, anajaza mpaka kileleni, na ukimwangalia vizuri anakuongezea vitatu vinne juu. Kiazi hichohicho kikienda Dar kinashindiliwa kwenye lumbesa, kinapakiwa kwenye fuso, kinasafiri zaidi ya kilomita 800, kinashushwa Mabibo, kinapita kwa dalali, kisha kwa muuzaji wa jumla, kisha kwa kijana wa chipsi wa Sinza. Kila mkono unachukua chake. Mtu wa Mbeya anakila kabla ya mikono hiyo yote. Maharage, mahindi, parachichi na kabichi zina hadithi hiyohiyo.

Sasa geuza safari. Simu, kipuri cha pikipiki, bati la kuezekea, viatu vya shule, vyote vimepanda. Petroli nayo imepanda: bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi huonyesha lita ya Mbeya juu ya lita ya Dar, maana gari lililoileta limetoka bandarini. Halafu kuna gharama ambayo mtu wa Pwani haijui mpaka imkute. Jiji hili liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Feni utaiuza, lakini Juni ikifika utanunua sweta za watoto, mablanketi mazito na mkaa wa ziada, kwa sababu maji ya kuoga yasiyopashwa moto hayaogeki.

Na kuna vitu visivyoujali mlima kabisa. Uniti ya umeme ina bei moja nchi nzima. Bando la simu ni lilelile. Shule ya serikali haina ada Temeke, haina ada Rungwe, tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016. Anayehama akidhani kila kitu kitashuka bei atashangaa kuona nusu ya daftari lake la matumizi haijabadilika.

Panapobadilika sana ni nyumba. Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, wengine ya mwaka, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Mila hiyo ipo Mbeya pia, ila kodi yenyewe ni ndogo, na mwenye nia anaweza kufikiria kiwanja Isyesye au Iwambi badala ya kukiota tu. Nauli nayo hupungua, kwani safari nyingi za Mbeya ni fupi na bajaji zimejaa kila kona. Foleni haijakosekana, kwa kuwa barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita katikati ya jiji, na malori, bajaji na watembea kwa miguu wote wanaitegemea hiyohiyo. Ndiyo maana upanuzi wake kuwa njia nne, kutoka Nsalaga hadi uwanja wa ndege wa Songwe, unasubiriwa kwa hamu.

Tufanye hesabu ya mkononi, ya mfano tu. Tuseme familia ikihamia Mbeya inaokoa 150,000 kwa mwezi kwenye kodi, 60,000 kwenye nauli na 80,000 kwenye chakula. Jumla ni 290,000, si haba. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Mshahara wake unafuata daraja lake, haufuati mkoa, kwa hiyo 290,000 zote zinabaki mkononi. Jirani yao ni fundi cherehani aliyekuwa akiingiza 900,000 pale Kariakoo. Amehama nao, na Mbeya anaingiza 500,000. Gharama zimepungua 290,000, kipato kimepungua 400,000. Amehamia kwenye unafuu, na kila mwezi anakosa 110,000.

Mitaani jambo hili lina jina: mzunguko. "Dar gharama, lakini kuna mzunguko." Wachambuzi wengi hulipita neno hilo kama porojo za vijiweni, nami naona ndilo neno zito kuliko yote katika mjadala huu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Jiji la Mbeya lilikuwa na zaidi kidogo ya 540,000, yaani mtu mmoja kwa kila kumi wa Dar. Muuza maji baridi, msusi, fundi simu, mpiga picha wa harusi, wote hawa bidhaa yao halisi ni umati. Kodi kubwa ya Dar ni kiingilio cha kuufikia umati huo.

Ushahidi mzuri uko kwa watumishi wa umma wenyewe. Kama mshahara ni uleule na Mbeya ni nafuu, ungetarajia walimu wa Dar wapigane vikumbo kuja huku. Wapo wanaokuja. Lakini wapo pia wa huku wanaotafuta mtu wa kubadilishana naye kituo ili waende Dar, na si kwa ajili ya bahari. Wanafuata tuisheni za jioni, kaduka ka uani, masomo ya jioni ya kujiendeleza, mwenzi mwenye kazi huko. Kwao Dar ina mshahara wa pili, na mshahara wa pili hauonekani kwenye jedwali la bei za vyakula.

Mbeya ina mzunguko wake, ila haufanani na wa Dar. Pesa ya Dar huja kila siku, kidogo kidogo. Pesa ya Mbeya huja kwa msimu na kwa mipaka. Mpunga wa Mbarali ukivunwa katikati ya mwaka, duka la sokoni Mwanjelwa linachangamka. Mafundi wanaitwa, bati zinanunuliwa, harusi zinapangwa. Januari hadi Machi, pesa ya mkulima ikiwa imeshaingia kwenye mbolea na sare za shule, duka lilelile linashinda kimya. Tunduma inaleta Wazambia, Kasumulu inaleta Wamalawi, na kwacha zikiyumba wateja nao wanayumba. Aliyezoea kula cha leo leo anaweza kuteseka hapa katikati ya neema ya vyakula. Aliyezoea kuweka akiba na kusubiri, huku ndiko kwao.

Iringa ni kisa kingine. Iko kilomita 500 hivi kutoka Dar, kwa hiyo mtu anaweza kuondoka asubuhi akazika ndugu na kurudi kesho yake. Mji wake umeegemea ofisi na vyuo: Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha. Vyuo vikifungua, vyumba vya karibu navyo vinagombewa. Vikifunga, mama lishe anapunguza sufuria. Ni mji mzuri kwa mwenye mshahara au pensheni, na mgumu kwa anayetaka kuanzia mtaani.

Historia imekwishatupa majaribio mawili ya kuwatoa watu Dar, na matokeo yake yanaonekana. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni ya Nguvu Kazi. Watu wa Dar wasioweza kuonyesha kazi walikamatwa, wakapakiwa kwenye magari, wakapelekwa vijijini walime. Wengi walirudi mjini. Kijijini chakula kilikuwa nafuu kuliko mjini, kama kilivyo leo. Walichokosa ni pesa ya kununulia hata hicho cha nafuu, kwa kuwa serikali ilihamisha watu ikaacha kipato chao nyuma.

Jaribio la pili ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, ukalala zaidi ya miaka 40. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza serikali ihame kweli, na Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia mwaka huohuo. Safari hii wizara zilihama na mishahara yake, posho zake na zabuni zake. Mama lishe, wenye bajaji na mafundi ujenzi walifuata bila kusukumwa na mgambo. Jiji lililokuwa na watu 410,000 hivi mwaka 2012 lilihesabiwa zaidi ya 765,000 miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo anayetaka Dar ipumue asihubiri uzuri wa hali ya hewa ya Nyanda za Juu. Asogeze kipato. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichopo Iyunga na uwanja wa Songwe uliofunguliwa mwaka 2012 vimefanya zaidi ya mahubiri hayo, kwa sababu vimeleta mishahara, wanafunzi na wasafiri. Linalobaki ni reli. TAZARA ilikamilika mwaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na stesheni yake ya Mbeya ipo. Ingekuwa inabeba mzigo kama ilivyokusudiwa, nondo na bati zisingelazimika kupanda Kitonga kwa gia namba moja, na fundi anayetengeneza kitu Mbeya angekifikisha Dar bila nauli kumla faida yote. Treni ya kisasa ilifika Dodoma mwaka 2024. Kusini bado tunasubiri kengele.

Ila tukumbuke wenyeji. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Jiji la Mbeya lilikua kwa asilimia 40 hivi, wakati Dar ilikua kwa asilimia 23. Unafuu ukikimbiliwa na wengi haubaki unafuu. Mashamba ya viazi ya pembezoni yanakatwa viwanja, na mgeni mwenye pesa ya nyumba aliyouza Kimara analipa bila kubishana, kwa kuwa kwake ni bei ya kutupa. Kijana wa Kisafwa aliyezaliwa hapo naye anataka kiwanja, na hana nyumba ya kuuza Kimara. Halmashauri isipopima ardhi mapema na kutenga maeneo ya watu wa kipato cha chini, tutakuwa tumeihamisha Dar pamoja na maudhi yake.

Na wapo wanaohama ili wawe karibu na kwao. Hao nao wafanye hesabu. Ukiwa Dar, msiba wa Tukuyu unaweza kutuma rambirambi kwa simu, ukasingizia kazi, ukaeleweka. Ukiwa Mbeya, Tukuyu ni safari fupi na kisingizio hakuna; utakwenda, utachangia, utalala matangani. Wapo wanaouona huo ndio utajiri wenyewe waliokuja kuufuata, na sina ubishi nao. Lakini uandikwe kwenye daftari. Kama umeacha wazazi au watoto Dar, iandikwe pia nauli ya kushuka kuwaona, na siku ambazo rufaa ya moyo itakupeleka Taasisi ya Jakaya Kikwete.

Nikiombwa ushauri, nasema hivi: mwenye mshahara unaomfuata, mwenye pensheni, mwenye biashara inayoelekea Tunduma au shambani, mwenye kazi anayoituma kwa intaneti, ahame na asichelewe. Anayeishi kwa umati wa Dar aje kwanza peke yake, apange chumba kimoja, apitishe Januari na Februari hapa, ndipo aite familia.

Kinachonifurahisha ni kwamba dalali wa Mbeya analijua hili kuliko sisi waandishi. Familia ile ya godoro ikishashuka stendi ya Nanenane, kesho yake itamtafuta. Atasikia lafudhi, atawaonyesha chumba na sebule pale Ilomba, atafungua bomba waone maji yanatoka. Kisha, kabla hajataja kodi, atamgeukia baba na kumuuliza kwa heshima zote: "Samahani mzee, huku unafanya kazi wapi?" Baba anaweza kudhani ni umbea. Lilikuwa swali la kujibiwa Dar, kabla ya kukata tiketi.